Umoja wa Msibani na Umoja wa Wodini

 Jioni hii nimekuja na habari za wauguzi. Sitazungumzia mishahara yao, wala zile lawama za lugha kali ambazo kila mtu ana kisa chake. Nataka tuangalie namna wanavyofanya kazi wao kwa wao, kwa sababu ndugu yako akilazwa haangukii mikononi mwa muuguzi mmoja. Kwa saa 24 anapita mikononi mwa watu watano, sita, na usalama wake unategemea kile ambacho kila mmoja anamwachia mwenzake.

Ukitaka kujua kama wodi ina timu au ina watu tu waliovaa sare moja, nenda asubuhi, zamu ya usiku inapotoka na ya asubuhi inapoingia. Kuna wodi ambako ripoti hutolewa mezani. Muuguzi wa usiku, macho mekundu, sweta bado mwilini maana baridi ya Juni hapa Songea inajulikana, anafungua kitabu cha ripoti na kusoma: kitanda cha kwanza anaendelea vizuri, kitanda cha pili anaendelea vizuri, kitanda cha tatu anaendelea vizuri. Anasaini, anachukua mkoba, anawahi bodaboda. Waliobaki wanajua idadi ya wagonjwa, lakini wagonjwa wenyewe hawawajui.

Na kuna wodi ambako wanaotoka na wanaoingia wanatembea pamoja, kitanda kwa kitanda. Wanafika kitanda cha sita. Anayetoka anasema: mama huyu alifanyiwa upasuaji jana jioni, hii ni dripu ya tatu, mkojo umepungua tangu saa nane usiku, nilimpigia daktari wa zamu akasema tumwongezee maji na tumwangalie. Anayeingia anainama, anasoma mfuko wa mkojo, kisha anafunua shuka na kuutazama mkono. Umevimba. Anasema, "Dada, kanula hii imeshatoka kwenye mshipa." Kumbe maji yote yaliyoongezwa usiku yalikuwa yanaishia kwenye nyama za mkono. Kanula inatolewa, nyingine inawekwa mkono wa pili, daktari anapigiwa tena. Kosa limekamatwa kabla mwenye habari zake hajaondoka, na limekamatwa bila mtu kudhalilishwa. Kwa meza ile ya kwanza, lingegunduliwa saa nne raundi inapopita, au lisigunduliwe kabisa.

Nimefanya kazi hii ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona viongozi wazuri, wenye nia njema, wakikosea mahali pamoja. Wanadhani timu ni kupendana. Wodi ikigombana wanaandaa chakula, wanaleta soda, wanahimiza mshikamano, wanafunga kwa sala. Watu wanacheka, wanapiga picha, zinatumwa kwenye kundi la wasapu. Jumatatu dripu ya mgonjwa inaisha, damu inaanza kurudi kwenye mrija, na aliye karibu anapita akisema, "Huyo si wangu."

Upendo wenyewe hata haupungui. Muuguzi akifiwa kwao Litembo au Liuli, utashangaa. Kabla ya saa sita mchana daftari la michango limeshazunguka idara zote, gari limepatikana, aliyekuwa zamu ameshapata wa kumshikia, na jioni watu wako njiani na masufuria, mchele na mafuta. Hakuna aliyeitwa semina kufundishwa hayo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wale wale wanaoendesha msiba kwa ustadi hivyo hushindwa kupokezana mgonjwa mmoja. Jibu nililolipata ni kwamba msiba una mpangilio. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna wanaopika, kuna wanaopokea wageni, na kila mmoja anajua nani aulizwe nini. Mtu unayemchukia ukimkuta jikoni msibani, utamenya naye vitunguu, kwa sababu kazi imekwisha kugawanywa. Wodini tunategemea moyo wa mtu. Moyo wa mtu saa kumi alfajiri, akiwa peke yake na wagonjwa 30, hautoshi.

Najua atatokea wa kuniambia, mama, tatizo letu ni upungufu wa watumishi, hayo mengine ni nakshi. Upungufu upo, na serikali iajiri. Lakini watu wachache ndio wanaohitaji mpangilio zaidi. Wodi yenye wauguzi kumi inaweza kuvumilia wawili wasiosemeshana. Wakiwa wawili tu usiku na hawasemeshani, wodi hiyo haina muuguzi hata mmoja wa kutegemewa mama aliyejifungua akianza kutokwa damu. Hapo anatakiwa mmoja awe anasugua mfuko wa uzazi huku mwenzake anachoma oksitosini, mhudumu anapiga simu kwa daktari na kukimbiza sampuli maabara. Wote wafanye kwa wakati mmoja, na kila mmoja aseme kwa sauti alichofanya, ili dawa isichomwe mara mbili au isisahaulike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona likiandikwa vizuri kwenye vitabu vya uongozi vinavyotoka ng'ambo, nalo ndilo linaloumiza wodi zetu. Wodi moja inaweza kuwa na Afisa Muuguzi mwenye shahada, binti wa miaka 27. Ana Afisa Muuguzi Msaidizi wa stashahada. Ana muuguzi wa cheti aliyeanza kazi kabla binti huyo hajazaliwa. Ana mhudumu wa afya anayejua hata sauti ya mlango wa stoo. Kwa muundo wa utumishi, binti ndiye inchaji. Kwa malezi yetu, anaingia asubuhi na kumwambia yule wa cheti, "Shikamoo mama," na saa tatu anatakiwa amwambie, "Chati ya kitanda cha nne hujaijaza."

Wengi hawawezi. Huijaza wenyewe kimyakimya, au humtuma kijana mwenzao, au hunyamaza. Wengine hujikaza kupita kiasi wasije wakaonekana watoto, wanafoka mbele ya wagonjwa, na mama wa watu anafunga mdomo wiki nzima. Anafunga mdomo pamoja na ujuzi wake wa miaka 30. Atamwona mgonjwa anabadilika rangi na hatasema, kwa sababu ameshaambiwa kuwa hajui. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko ugomvi wa kelele. Kelele zikiisha watu hupatana, ila ukimya huo hakuna anayeuona mpaka mtu amekufa.

Nimemwona inchaji mmoja kijana aliyelimudu hili. Alikuwa akisema, "Mama, naomba tusaidiane kitanda cha nne, chati yake haijakaa sawa, tuimalize kabla daktari hajapita." Heshima imebaki mahali pake na chati imejazwa, na aliyetakiwa kuijaza amejua kuwa imeonekana. Lakini alifanya zaidi ya kuchagua maneno. Kila mgeni aliyepangiwa wodi ile alikaa wiki mbili za kwanza na yule mama, na jambo hilo liliandikwa kwenye ratiba, kwamba huyu yuko chini ya fulani. Kwa hiyo ukongwe wa mama yule ukawa na kazi inayotambulika. Mtu aliyepewa kazi ya kufundisha haendi tena kukaa pembeni akisema, "Ndiyo mliyofundishwa huko vyuoni?"

Na wakongwe nao wanisikilize. Kijana akikuuliza kipimo cha dawa usimcheke. Akicheka mmoja leo, kesho kijana atakisia. Waliosoma Peramiho wana namna yao ya kupanga trei, waliosoma Muhimbili wana yao, na mkitaka kubishana mtabishana mpaka mgonjwa apone au afe. Chagueni namna moja, ibandikeni ukutani, mwendelee.

Ratiba ya zamu nayo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hati nzito kuliko zote wodini, nzito kuliko hotuba yoyote ya metroni, maana hapo ndipo watu wanasoma nani anapendwa. Nani yuko usiku Krismasi mwaka wa tatu mfululizo? Nani hajawahi kupewa mapumziko usiku wa kuamkia Idi ilhali ana watoto wanaomsubiri? Nani anapangiwa zamu za asubuhi tupu kwa sababu ni rafiki wa mpanga ratiba? Na linapokuja jina la kwenda semina yenye posho, nani anaitwa kila mara? Ukiona wodi imegawanyika makundi, usianze kutafuta ukabila wala dini. Kachukue ratiba za miezi sita iliyopita, zitandaze mezani, uhesabu. Mara nyingi ugomvi wote umo humo.

Ratiba ya haki ibandikwe mapema ili mtu apange maisha yake. Mabadiliko yaandikwe, na wanaobadilishana wasaini wote wawili. Ieleze wazi pia mambo ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mwanawe. Ni haki yake kamili. Lakini kiongozi asipozipangia saa hizo mtu wa kushika nafasi, mzigo unamwangukia aliyebaki, naye chuki yake haielekezi kwa aliyepanga, anaielekeza kwa mama mwenye mtoto. Hivyo ndivyo haki ya mtu mmoja inavyogeuzwa uhasama wa watu wawili na uzembe wa mtu wa tatu.

Juu ya hayo, mfumo wetu wa kumpima mtumishi, tangu OPRAS mpaka PEPMIS ya sasa, humpima mtu mmoja mmoja na malengo yake. Sina ugomvi na kumpima mtu. Ila ile asubuhi ya kanula, nani angepata alama? Aliyekamata kosa, au aliyekubali kutembea kitanda kwa kitanda ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha na miguu inamuuma? Kazi ile ilifanywa na wawili, na fomu haina mahali pa wawili. Wasimamizi walifidie hilo wenyewe, kwa kulitaja wazi kwenye kikao cha wodi.

Tufike kwenye makosa, maana huko ndiko timu inapojulikana. Mwaka 1996 mtafiti mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti wake juu ya makosa ya dawa katika timu nane za wauguzi kwenye hospitali mbili. Alitegemea kukuta wodi zenye uongozi mzuri na maelewano zina makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyobainika. Alipochunguza zaidi, alielewa kwamba watu wa wodi hizo walikuwa huru kuyasema, na kwenye wodi za viongozi wa kuogopwa makosa yalikuwa yanafichwa. Nimewaeleza viongozi kadhaa habari hii na kila mara huwa naona wanavyoshtuka, maana wengi wetu tukiona kitabu cha matukio kiko tupu tunapongeza. Kitabu kitupu kwenye wodi yenye vitanda 40 kinatakiwa kikukoseshe usingizi.

Hofu yenyewe ina sababu. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka juu ya usajili na leseni, na muuguzi anajua leseni ile ndiyo ugali wa watoto wake. Sitetei uzembe. Aliyelala fofofo mama anajifungulia sakafuni awajibishwe. Lakini aliyechukua chupa ya dawa isiyo sahihi kwa sababu chupa mbili zinafanana na zimewekwa rafu moja, akagundua, akasema hapo hapo, huyo ametusaidia. Ukimfokea, zile chupa zitabaki rafu ile ile zikimsubiri mwingine. Wodi zilizofundishwa ule utaratibu wa 5S, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, ulioanza hapa nchini kwenye hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007, zinajua namna ya kuzitenganisha. Mnachohitaji ni mtu wa kusema kwamba zinafanana.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Majirani zetu wa Ifakara, mkoa wa Morogoro tunaopakana nao, walikuwa mstari wa mbele. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa moja ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto na Seattle, zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakatangazwa Januari 2009. Orodha ina mambo 19 tu. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake, kisha wanathibitisha pamoja jina la mgonjwa, upasuaji gani na sehemu gani ya mwili. Kwenye hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sisemi kutaja jina peke yake kumeokoa watu. Nasema muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake chumbani mbele ya daktari bingwa, hata kwa kusema jina tu, huona wepesi wa kusema mara ya pili, pale anapohesabu vitambaa na kimoja hakionekani.

Wenzetu wa hospitali ya Haydom, kule Manyara, wametufundisha la pili. Ulipoanza mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wauguzi na wakunga walifundishwa kwa siku moja kwa kutumia mwanasesere. Walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere. Leba kwenyewe, kwa mtoto halisi, watafiti hawakuona mabadiliko. Ndipo mazoezi yakahamishiwa pale pale kazini, dakika chache tu kila wiki, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Fikiria dakika hizo chache. Wakunga wawili na mhudumu, meza, mwanasesere, mfuko wa kupumulisha. Mmoja anakausha, mmoja anaangalia saa, mmoja anapumulisha, wanabadilishana nafasi, wanarudi kazini. Wanaofanya hivyo kila wiki hawaulizani "wewe unafanya nini?" mtoto wa kweli anapotoka bila kulia.

Ndugu wa wagonjwa, na sisi tuna sehemu yetu. Tuna tabia ya kuwachonganisha wauguzi bila kujua. Tunaingia wodini tunasema mbele ya wote, "Tunamtaka yule wa jana, huyu hajui." Tunampa mmoja soda na matunda kwa kujificha. Muulize muuguzi jina lake na nani anampokea jioni. Kama una lalamiko, mpelekee inchaji pembeni.

Kwa waganga wafawidhi na wauguzi wakuu wa hospitali zetu za Ruvuma, za serikali na za mashirika ya dini, ombi langu ni wodi moja tu kwa miezi mitatu. Ichaguliwe ya wazazi, ambako usiku mmoja unaweza kuleta mama kutoka Namtumbo ambaye hata jina lake hamlijui na dakika za kupanga hamna. Ripoti itolewe kitandani, asubuhi na jioni. Mara moja kwa wiki yafanyike yale mazoezi mafupi, wakiwemo wahudumu. Liwepo daftari la kawaida la shuleni, na kila linalokamatwa wakati wa kupokezana zamu liandikwe humo bila jina la aliyekosea: kanula iliyotoka, dawa ya saa sita ambayo haikutolewa, faili lililokuwa kitanda kingine. Mwisho wa mwezi inchaji alisome mbele ya wote, nao wachague jambo moja la kubadilisha mwezi unaofuata. Wasichague kumi, yatawashinda. Na asubuhi ya kwanza metroni asisubiri kuletewa ripoti ofisini, aje asimame nao kuanzia kitanda cha kwanza, asikilize, na asimkemee mtu yeyote mpaka wafike cha mwisho.